Krimpa ya racheti, ya kupitiliza au ya bei chee: ipi inafaa kwa kazi za kebo hapa Dar

Wakuu habari za kazi. Vijana wanaoingia kwenye mambo ya CCTV na wifi hapa mjini wengi wanauliza swali moja tu, nichukue krimpa gani, yani ile koleo ya kubania vichwa vya kebo, maana ukishuka Kariakoo unakuta zimening'inizwa kwenye fremu kibao, kuanzia ya bei chee kabisa mpaka ile ambayo ukiinunua hela ya kazi nzima imeishia hapo, na kila muuzaji anakwambia chukua hii, ndo wanayotumia mafundi. Mi ushauri wangu ni huu: anza na kichwa, yani RJ45 yenyewe, ile plastiki ya mwisho wa kebo unayochomeka kwenye kifaa, halafu ndo uhamie kwenye krimpa. Krimpa ukiitunza inakaa miaka, vichwa unanunua kila wiki, na kichwa ndo kinaamua krimpa gani itakifaa na ipi itakiharibu. Wengi wanafanya kinyume, wananunua krimpa kwanza, vichwa wanaokota vyovyote, halafu wanashangaa kwa nini kazi zao zinarudi.

Sokoni utakutana na makundi kama manne. Kuna krimpa ya bei chee isiyo na racheti, kuna ya racheti ya vichwa vya kawaida, kuna ya racheti ya vichwa vya kupitiliza, na kuna kile kifaa cha kugongea waya kwenye soketi na pachi paneli (ile safu ya soketi kwenye kabati la mtandao) ambacho watu wengi hawakihesabu lakini kwenye ofisi kinafanya kazi kubwa kuliko krimpa yenyewe. Ntazilinganisha moja moja.

Tuanze na racheti maana hapo ndo tofauti kubwa ilipo. Krimpa isiyo na racheti ni sawa na plaizi, unabana kwa nguvu zako na unaachia ukitaka, kwa hiyo asubuhi ukiwa fresh unabana vizuri, ikifika jioni uko juu ya ngazi darini na joto la mabati, mkono umechoka, unabana nusu na hujui kama umebana nusu. Ya racheti ina meno ndani, ukishaanza kubana haifunguki mpaka ifike mwisho, iwe umechoka iwe hujachoka, kichwa cha kwanza na cha hamsini vinatoka sawa. Na ikikwama katikati kuna kilimi kidogo pale kwenye maungio unakisukuma inaachia.

Kwa nini kubana nusu ni tatizo? Ndani ya RJ45 kuna pini nane za shaba zilizopakwa dhahabu, kila moja ina makali upande wa chini, ukibana yale makali yanatoboa plastiki ya waya na kugusa shaba. Pini moja isipozama vizuri mtandao hauzimi, na ndo maana hii kitu inasumbua kuigundua. Mtandao wa 100 Mbps unatumia pini nne tu, 1, 2, 3 na 6, ila gigabiti, yani 1000 Mbps, inatumia zote nane. Sasa pini ya 7 au 8 ikiwa haijashika, ruta na kompyuta zinaweza kukubaliana kushuka mpaka 100, mteja amelipia faiba ya 200 na akipima spidi inagota kwenye 94 hivi, siku zote 94, anapiga simu kwa kampuni ya intaneti kugomba kumbe tatizo lipo kwenye kichwa nyuma ya meza yake. Ukiona namba hiyo imeganda hapo, angalia kichwa kabla ya kitu kingine chochote.

Kwenye kamera nako kuna dalili yake. Kamera za PoE zinachukua umeme kupitia kebo hiyo hiyo, swichi ya kiwango cha 802.3af inatoa mpaka wati 15.4 kwa kila poti na ya 802.3at inatoa 30. Mchana kamera inatumia umeme kidogo, usiku zile taa za infraredi zikiwaka matumizi yanapanda, na kama pini imegusa kwa ncha tu kamera inazima inawaka, inazima inawaka, mteja anakuja kukwambia kamera yako inafanya kazi mchana tu. Fundi asiyejua anabadilisha kamera.

Kwa hiyo kama kazi yako ni mtandao, ile isiyo na racheti iache. Sisemi haifai kabisa, kwenye simu ina nafasi yake na ntaifikia, ila kwa RJ45 tofauti ya bei kati yake na ya racheti ya kawaida sio kubwa kiasi cha kuhatarisha jina lako.

Kitu kingine ambacho watu hawakiangalii ni namna dai inavyoshuka. Dai ni ile sehemu yenye meno nane inayosukuma pini. Krimpa nyingi za bei chee zinabana kwa kuzunguka kama mkasi, upande mmoja wa dai unafika kabla ya mwingine, na dai ikilegea kidogo tu unakuta pini za katikati zimezama vizuri, ya 1 na ya 8 zimebaki juu. Zile nzuri zinasukuma dai moja kwa moja, wima, meno yote nane yanagusa kwa wakati mmoja. Hii kwangu ina uzito kuliko jina lililoandikwa kwenye mpini, japo nakubali Knipex na Klein Tools wanatengeneza vitu vya uhakika, shida ni kwamba bei yake huku inakuwa ya juu na sio kila yenye nembo ni yenyewe.

Haya sasa kupitiliza. Kichwa cha kawaida kimezibwa mbele, unapanga nyaya zako nane, unazikata zilingane, unasukuma mpaka zigonge ukuta wa mbele, unabana. Kichwa cha kupitiliza kina matundu mbele, nyaya zinatokeza nje, unaona rangi zote zimekaa sawa kabla hujabana, halafu krimpa yake ina wembe mbele, ukibana inakata na ncha kwa mpigo mmoja. Kwa anayeanza ni raha sana maana makosa ya rangi unayaona mapema, na huhangaiki na kukata nyaya zote urefu sawasawa.

Ila kuna mambo. La kwanza, ukitumia vichwa hivi lazima uwe na krimpa yenye wembe wa mbele. Wapo wanaobana kwa krimpa ya kawaida halafu wanakata ncha kwa kata ya pembeni, zinabaki vipande vinatokeza, ukichomeka kwenye swichi kichwa hakiingii vizuri au ncha zinagusa kitu ndani ya poti. La pili, wembe ukiwa butu haukati, unaburuza, shaba ya waya mmoja inalala kuelekea mwenzake na hapo umeshatengeneza shoti. Nyembe hizi zinabadilishwa, lakini hakikisha za akiba zinapatikana kabla hujanunua. La tatu ni letu sisi wa pwani. Kichwa cha kupitiliza kinaacha ncha nane za shaba wazi mbele, ndani ofisini yenye AC sina shida nacho, ila kamera ya nje Kigamboni, Kunduchi au Masaki karibu na bahari, hewa ile ina chumvi na unyevu, shaba iliyo wazi inaota kutu ya kijani. Mi kazi ya nje upande wa baharini natumia kichwa kilichozibwa, na kile kifuniko cha plastiki kinachokuja na kamera kwa ajili ya kuzuia maji nakifunga na mpira wake, mafundi wengi wanakitupa na boksi.

Uzuri wa krimpa ya kupitiliza ni kwamba nyingi zinabana na vichwa vya kawaida pia, wakati ya kawaida haiwezi kukata za kupitiliza. Kwa hiyo ukiwa na hela, ya kupitiliza inakupa zote mbili. Tatizo liko kwenye vichwa vyenyewe, hivyo vya kupitiliza bei yake ni ya juu na ukitoka katikati ya mji havipatikani kirahisi. Uko Chanika au Mbweni saa kumi jioni umeishiwa, duka la vifaa vya umeme la jirani likiwa na RJ45 itakuwa ile ya kawaida, na kama mkono wako haujawahi kuizoea utapata tabu. Ndo maana nawaambia vijana, jifunzeni cha kawaida kwanza, cha kupitiliza kije baadae kuongeza spidi.

Na kukizoea sio kazi. Chuna ganda la nje kama sentimita tatu, kata ule uzi wa ndani, kama ni Cat6, daraja la juu ya Cat5e, mara nyingi kuna msalaba wa plastiki katikati nao ukate pale pale ganda linapoishia. Fungua misokoto, nyoosha kila waya kwa kuuvuta kati ya kidole gumba na cha shahada mpaka ulale, panga nyeupe orenji, orenji, nyeupe kijani, bluu, nyeupe bluu, kijani, nyeupe brauni, brauni. Hiyo ndo T568B. Zishike zimebanana, kata mara moja zibaki kama milimita 13, ingiza huku kile kilimi cha kichwa kikiwa chini na waya wa kwanza kushoto kwako, sukuma mpaka ukitazama kwa mbele uone duara nane za shaba zinang'aa. Ganda la nje lazima liingie ndani ya kichwa, kuna kizuizi cha plastiki kinachoshuka kulibana ganda, kikibana nyaya tupu badala ya ganda kichwa kitachomoka siku mtu akivuta dawati. Hizo milimita 13 sio urembo, misokoto ndo inayozuia jozi moja isisumbue nyingine, ukifungua sana umeua kazi ya kebo.

Kuhusu A na B, T568A inaanza na nyeupe kijani, kijani, nyeupe orenji, bluu, nyeupe bluu, orenji, kisha brauni zake mbili kama kawaida. Zote zinafanya kazi sawa, chagua moja na jengo zima liwe hiyo hiyo. Zamani ulihitaji A upande mmoja na B upande wa pili kuunganisha kompyuta mbili, vifaa vya sasa vinajigeuza vyenyewe. Ila naomba sana usipange rangi kwa kujitungia, zile orenji zote 1 na 2, kijani 3 na 4 na kuendelea. Testa ya taa itakuonyesha 1 mpaka 8 safi kabisa maana pande zote ziko sawa, lakini pini 3 na 6 zinatakiwa ziwe jozi moja iliyosokotana na wewe umeziweka jozi mbili tofauti, kebo ikiwa ndefu mtandao utakuwa wa kukatika katika na hakuna taa itakayokwambia.

Turudi kwenye kichwa. Kuna cha Cat5e na cha Cat6, na havibadilishani hovyo. Waya wa Cat5e kwa kawaida ni AWG 24 (AWG ni kipimo cha unene wa waya, namba ikishuka waya ni mnene zaidi), shaba yake unene kama milimita 0.51, wa Cat6 mara nyingi ni AWG 23, kama milimita 0.57 na plastiki yake nene zaidi. Ukilazimisha Cat6 kwenye kichwa cha Cat5e nyaya hazifiki mbele, utasukuma mpaka vidole viume. Vichwa vingi vya Cat6 vina mistari miwili ya matundu, juu na chini, vingine vina kipande cha kupangia nyaya kwanza. Pia angalia makali ya pini, kichwa cha waya mgumu wa nyuzi moja kina makali matatu yanayoukumbatia waya, cha waya laini wa nyuzi nyingi kina mawili yanayopenya katikati ya nyuzi. Kebo ya boksi la mita 305 ni ya waya mgumu, nunua kichwa kinachoendana. Na upako wa dhahabu, vyenye mikroinchi 50 vinadumu, vile vya kumwaga kwenye mfuko wa nailoni bila maandishi huwa upako wake ni kama haupo, kwenye hewa ya hapa Dar utaona tofauti haraka.

Nikiwa kwenye kebo niliseme na hili maana hakuna krimpa itakayolitibu. Kebo nyingi za bei chee mjini ni CCA, yani alumini iliyopakwa shaba juu. Kwangua waya kwa kisu, ukiona weupe wa fedha ndani, ndo yenyewe. Inakatika ukiikunja mara chache, upinzani wake kwa umeme ni mkubwa kuliko shaba, na kwenye PoE ya mbali umeme unapungua njiani na waya unapata moto zaidi. Viwango vya TIA, chama cha Marekani kinachopanga viwango vya kebo, vinataka shaba tupu. Mteja akilazimisha mwambie ukweli kabla hujaanza kuvuta.

Upande wa simu za mezani mambo ni mepesi. Zipo bado, ofisi za Posta, hoteli, hospitali, magorofa yenye intakomu, nyingi zina PABX, yani mtambo wa kugawa simu za ndani, mahali fulani. Kichwa cha laini ni RJ11, mwili wa nafasi sita na pini mbili au nne, laini yenyewe inakaa pini mbili za katikati. Ule waya wa kujikunja wa mkonga wa simu una kichwa kidogo zaidi cha nafasi nne. Kwa hiyo ukiangalia krimpa angalia maandishi, 8P ni ya mtandao, 6P ya laini ya simu, 4P ya mkonga. Nyingi zenye racheti zina 8P na 6P, zile za bei chee zisizo na racheti mara nyingi zina zote tatu, na kwa simu tu inatosha kabisa, waya mbili za sauti hazihitaji ustadi wa gigabiti. Angalia tu kitu kimoja, laini ya simu ikiwa imetulia ina kama volti 48 za DC na simu ikiita inapanda mpaka kama volti 90 za AC, ukiwa umeishika shaba kwa vidole vyenye jasho utaruka. Chomoa kwanza upande wa PABX.

Na usichomeke RJ11 kwenye soketi ya RJ45 kwa sababu tu inaingia. Inaingia kweli, na jozi ya bluu kwenye 4 na 5 inakutana na pini za katikati za simu kwa hiyo simu italia, ila mabega ya plastiki ya RJ11 yanaweza kuzikandamiza pini za 1 na 8 za soketi, siku ukirudisha kompyuta hapo zimelala. Kama unataka simu ipite kwenye kebo ya mtandao, tengeneza kebo fupi yenye RJ45 upande wa pachi paneli, jozi ya bluu tu.

Sasa kile kifaa cha kugongea. Kwenye ofisi yenye dawati nyingi, kebo ya ukutani haitakiwi iishie kwenye RJ45 inayoning'inia, inatakiwa iishie kwenye soketi ukutani na pachi paneli kwenye kabati, halafu kebo fupi laini za dukani ndo ziunganishe. Hesabu yake ni mita 90 za ukutani na 10 za kebo fupi, jumla 100. Waya mgumu ukikunjwa kila siku na mtu anayesogeza kompyuta utakatika tu. Kwa kazi za namna hii krimpa unaigusa mara chache, unagonga. Na visu vyake viko vya aina mbili, cha 110 kwa soketi na paneli nyingi za mtandao, na cha Krone ambacho utakihitaji ukifungua kisanduku cha simu na kukuta zile moduli ndefu nyeupe za jozi 10. Vinafanana kwa mbali lakini havibadilishani, na bisibisi sio mbadala, inatanua meno ya soketi na yakishatanuka hayarudi. Kamera ya darini ni habari nyingine, hiyo unaweza kuikrimpu kichwa moja kwa moja, siku hizi hata TIA wanalikubali hilo.

Kisu cha kuchunia kilichopo kwenye krimpa sikipendi hata kidogo. Kimewekewa kina kimoja na kebo zina maganda ya unene tofauti, kwenye Cat6 kinaweza kuingia mpaka kwenye nyaya, waya uliochanwa kidogo unafanya kazi leo na kukatika baadae. Chukua kichunio kidogo cha kuzungusha, bei yake ndogo, zungusha mara moja, kunja kebo ganda litaachana lenyewe.

Kwa anayeanza na hela kidogo basi: krimpa ya racheti yenye 8P na 6P ya vichwa vya kawaida, kichunio, testa ya taa yenye vipande viwili, na pakiti ya vichwa vya shaba nzuri. Ukianza kupata kazi za kamera nyingi ndani ya majengo, ongeza ya kupitiliza. Ukipata ofisi, nunua cha kugongea chenye visu vyote viwili. Kebo zenye ngao za kuzuia mwingiliano, zile za vichwa vya chuma, zinataka krimpa yenye nafasi ya kubana na mkia wa chuma kwa nyuma, hiyo usiinunue mpaka uwe na kazi yake mkononi.

Ukifika dukani nenda na kipande cha kebo na vichwa vitatu vyako mfukoni. Fungua na ufunge krimpa bila kitu, sikiliza racheti, itikise dai kwa kidole uone kama inacheza. Omba ubane kimoja pale pale kaunta. Kisha kilaze kichwa mkononi ukitazame kwa pembeni kwenye mwanga, pini zote nane ziwe usawa mmoja na zimeshuka chini kidogo ya kingo za plastiki, pitisha ukucha juu yake, ukikwama kwenye ya 1 au ya 8 irudishe na uombe nyingine ya aina ile ile, maana hata za kiwanda kimoja hazifanani. Muuzaji akikukatalia kujaribu, fremu ya pili iko hatua chache tu na ina krimpa zile zile.